Jinsi maji yanavyopoza makabati ya elektroniki

KABATI la vifaa vya elektroniki, mathalani lile la chini ya mlingoti wa simu, hufungwa ili kuzuia vumbi, wadudu na mvua. Kufungwa huko huzuia pia joto kutoka. Kwa kanuni ya mafundi, betri za risasi na asidi hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi nyuzi 25 za Selsiasi.

Katika maeneo makavu kama Migwani, Kaunti ya Kitui, maji yaweza kuondoa joto hilo kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ile ya mtungi wa udongo: maji yanapogeuka mvuke huchukua joto. Feni huvuta hewa ya nje kupitia pazia lililoloweshwa, nayo huingia kabatini ikiwa imepoa. Njia hii hufaa penye hewa kavu. Mombasa, kwenye unyevu mwingi, manufaa yake hupungua.

Walakini, njia hiyo hula maji. Ili mvuke uchukue kilowati 1 ya joto mfululizo, zahitajika takriban lita 36 kwa siku, yaani karibu mitungi miwili ya lita 20. Mahali ambapo maji hubebwa kwa punda wakati wa kiangazi, huo si mzigo mdogo. Isitoshe, maji ya visima yenye chumvi huziba pazia, na hewa yenye unyevu huweza kutia kutu vifaa.

Njia ya pili ni ya mzunguko. Pampu hupitisha maji kutoka tangini hadi kwenye radieta iliyomo kabatini, na feni ndogo huzungusha hewa ya ndani juu yake. Hewa ya nje haiingii, na maji hurejea tangini bila kupungua. Kilowati hiyo hiyo ingepandisha joto la maji ya tangi la lita 10,000 kwa nyuzi 2 hivi kwa siku. Tangi likiwa kivulini, sehemu ya joto hilo hutoka usiku.

Tahadhari ni mbili. Maji yakiwa baridi kupita kiasi, umande hutanda kwenye radieta na kudondoka. Kwa hivyo radieta huwekwa chini ya vifaa, pamoja na sinia lenye tundu la kutolea maji. Pili, viungo vya mabomba viwe nje ya kabati, kwani tone moja laweza kuleta hasara kuliko joto lenyewe.