Kosa la Kung'arisha Gari

Juma lililopita nilipita gereji moja hapa mjini nikamkuta kijana muosha magari ameinamisha kichwa. Alikuwa ameosha gari la kijivu lisilong'aa, akaona mlango umepauka, akausugua kwa polishi kwa nia njema kabisa. Pale aliposugua pakang'aa kama sarafu mpya. Kwingine kote kukabaki kama jivu. Mwenye gari akasema gharama ya kupiga rangi mlango mzima itakatwa kwenye ujira wa kijana.

Nikauliza, kwani hapawezi kurekebishwa hapo hapo tu? Fundi rangi akacheka. "Mzee, hii haitaki msasa wala polishi." Rangi ya kawaida uso wake ni laini kama maji yaliyotulia, mwanga ukiupiga unarudi upande mmoja. Hii imetiwa unga laini sana, mara nyingi wa silika, na uso wake una vijibonde visivyoonekana kwa macho. Mwanga hutawanyika huko. Ukisugua umevilainisha, na havirudi tena.

Mimi nimekulia wakati ambapo gari lisilong'aa ni la mtu aliyeishiwa: limepigwa praima, pesa ya rangi ya juu inatafutwa. Na kung'aa kwenyewe hakukuja kirahisi. Magari ya mwanzo yalipakwa vanishi tabaka juu ya tabaka, kazi ya majuma kadhaa. Ndipo mwaka 1923 General Motors ilipoonyesha Oakland za buluu zilizopakwa Duco, rangi ya kampuni ya DuPont iliyokauka kwa saa tu badala ya siku. Nayo ilitaka kusuguliwa ndipo ing'ae! Tangu hapo dereva na kitambaa hawakuachana.

Vita ndivyo vilivyogeuza mambo. Kati ya 1941 na 1945 Marekani ilitengeneza Jeep zaidi ya 600,000, na rangi ya jeshi lake ikawa kijani cha zeituni kisichong'aa, kwa kuwa boneti inayometa juani humwita rubani wa adui. Katika jangwa la Afrika Kaskazini askari wa doria wa Kiingereza waliondoa hata vioo vya mbele. Mjomba wangu aliyekuwa Keya aliyaita magari ya namna hiyo "yaliyovaa vumbi".

Kisha wenye pesa wakalipenda vumbi hilo. Mwaka 2010 BMW ilitenga kwa soko la Marekani magari 30 tu ya M3 yenye kijivu cha aina hiyo. Ukilinunua gari kama hilo unaonywa: usipake nta, usilipitishe kwenye mashine ya brashi.

Mwenye gari wetu alikiri kwamba onyo hilo alipewa. Kijana hakuambiwa na mtu. Tangu aanze kazi amefundishwa kwamba gari likipauka lisuguliwe, na ndivyo alivyofanya. Nikasema waziwazi kwamba wa kulipa si yeye. Mwenye gari akanitazama tu. Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana, kijana amesimama kando na kitambaa kile kile mkononi.