SANGARA: MGENI ALIYEKARIBISHWA ZIWANI AKAWAMALIZA WENYEJI

Wadau, kutoka Itaka mpaka Mwanza ni safari ndefu, ila stori ya sangara inamhusu kila mla samaki.

Miaka ya 1950 Ziwa Victoria lilijaa furu, samaki wadogo wenye miiba, aina zao kama 500. Mabwana samaki wa mkoloni wakawaona takataka. Wakasema aletwe mkubwa awale, wageuke minofu ya kuuza. Wataalamu wengine walipinga, wapi! Mwaka 1954 sangara wa Ziwa Albert akamwagwa upande wa Uganda.

Mwanzoni kimya. Miaka ya 1980 ndo balaa likaanza: sangara akajaa, aina kama 200 za furu zikapotea. Furu walipoadimika akageukia dagaa, uduvi, mpaka watoto wake mwenyewe!

Ni kweli hela iliingia. Mwanza ikapata viwanda, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Lakini wenyeji wengi wakabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa.

Baadhi ya furu wamerudi, wengine ndo basi tena. Kwa hiyo ukileta mlaji, jiulize kwanza: akimaliza hicho ulichomwitia, atakula nini?