Kinyesi cha sokwe wa Gombe kilivyofichua virusi

Mwaka 2002 jarida la Science lilitoa habari iliyowagutusha watafiti wa UKIMWI: sokwe dume mmoja wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, safari ya boti kaskazini ya mwalo wa Kibirizi mjini Kigoma, alikuwa na SIV, virusi vya ukoo mmoja na VVU. Hakuna aliyemtoa damu wala kumpiga sindano ya usingizi. Watafiti walichukua mkojo na kinyesi chake, na humo wakakuta kingamwili.

Kabla ya hapo, SIV ya sokwe ilikuwa imeonekana kwa sokwe wachache waliofugwa, wa kwanza akiripotiwa Gabon mwaka 1989. Hali ya wale wa porini haikujulikana. Damu yao haipatikani bila kuwasumbua, na Gombe ni mahali ambapo tangu Jane Goodall afike Julai 1960, kazi imekuwa kuwafuata sokwe na kuwatazama. Timu ya Beatrice Hahn, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham, ikaamua kuchunguza kile ambacho sokwe mwenyewe hukiacha chini ya mti.

Mwili ukivamiwa na virusi hutengeneza kingamwili, protini zinazonasa protini za mvamizi huyo. Kiasi kidogo hutoka na mkojo na kinyesi. Maabara hutumia njia iliyoelezwa huko Basel, Uswisi, mwaka 1979: protini za virusi hutenganishwa kwa ukubwa, huhamishiwa kwenye utando mwembamba, kisha utando huloweshwa kwa sampuli. Kingamwili zikiwemo, hunata. Kingamwili ya pili, iliyobeba kimeng’enya, huzinasa zile za kwanza, na mistari hujitokeza. Kwa kawaida wanabiolojia hutumia njia hii kusaka protini. Kingamwili huwa tayari wanayo mkononi. Kwa sokwe wa Gombe kazi iligeuzwa: protini zilijulikana, kingamwili ndizo zilizotafutwa. Vinasaba vya virusi vilivyopatikana katika kinyesi vikathibitisha jibu, na aina hiyo ikaitwa TAN1, kwa jina la Tanzania.

Lakini mistari hiyo ingekuwa bure kama kinyesi kingekosa mwenyewe. Sokwe wa makundi ya Kasekela na Mitumba wana majina, na wengi wao mama zao wanajulikana. Hiyo ni kazi ya wafuatiliaji wa Kitanzania, wengi wakiwa watu wa vijiji vya jirani. Ndio walioendeleza utafiti msituni baada ya waasi kutoka Zaire kuwateka watafiti 4 wa kigeni Mei 1975.

Faida ya kazi hiyo ilionekana mwaka 2009 katika jarida la Nature. Kati ya sokwe 94 waliofuatiliwa kwa miaka 9, 17 walikuwa na maambukizi. Ukilinganisha wa umri mmoja, walioambukizwa walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao. Majike wenye virusi walizaa kwa nadra, na watoto wao walikufa zaidi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha sokwe aliyepungukiwa seli za kinga za CD4 kama mgonjwa wa UKIMWI wa hatua ya mwisho. Dhana kwamba SIV haimdhuru sokwe ikaanguka.

Wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wana haki ya kuuliza kama UKIMWI ulitoka kwao. Haukutoka. Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa chimbuko la janga hilo ni sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun, na virusi vya aina ya Gombe havijapata kukutwa kwa binadamu.

Maabara ya Alabama iliweza kusema nani ameambukizwa. Amezaliwa lini, amezaa mara ngapi na amekufa lini, hayo yalitoka katika daftari za Gombe. Bila daftari hizo, wale 17 wangebaki hesabu ya sampuli, na hakuna ambaye angejua kuwa walikuwa wagonjwa.