Kwa Nini Tuseme Mfumo Radidia

Ule mchoro wa visanduku, wenye H kwenye kona ya juu kushoto na He kwenye kona ya kulia, una majina mawili katika Kiswahili. Wengi huuita jedwali la elementi. Wachache, hasa waandishi wa kamusi na vitabu vya sayansi, huuita mfumo radidia. Jina la kwanza ni jepesi na halihitaji maelezo. La pili humkwaza msomaji, kwa kuwa radidi si neno la kila siku. Hata hivyo mimi nalitetea hili la pili. Jedwali linataja karatasi tu, ilhali radidia inataja jambo lenyewe lililogunduliwa.

Kuradidi ni kurudia tena na tena. Neno limetoka katika Kiarabu, na wanaisimu wetu hulitumia wanapochambua maneno kama kupigapiga na kuchekacheka. Uundaji huo huuita uradidi. Lugha za Ulaya zilijenga istilahi yao juu ya neno la Kigiriki lenye maana ya mzunguko, yaani njia inayozunguka na kurejea ilikoanzia. Tungeitafsiri moja kwa moja tungepata “mfumo wa mzunguko”, na mwanafunzi angefikiria damu na moyo. Radidia inakwepa mkanganyiko huo na kwenda penye kiini cha jambo: sifa za elementi hurudi.

Hurudi vipi? Anza na lithiamu. Ni metali laini, nyepesi kiasi cha kuelea juu ya maji, na ikigusa maji hutoa gesi ya hidrojeni na kuacha alkali. Endelea mbele: berili, boroni, kaboni, nitrojeni, oksijeni, florini, neoni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanana na lithiamu. Kisha inakuja sodiamu, na ghafla unakutana tena na metali laini inayokatika kwa kisu, inayoelea, inayotoa hidrojeni ikitiwa majini. Hesabu tena hatua nane na utafika kwenye potasiamu, yenye tabia zilezile. Lakini si nakala. Sodiamu huchachamaa majini kuliko lithiamu, na potasiamu huwaka kwa mwali wa zambarau. Kupiga na kupigapiga si tendo moja, ingawa shina ni lile lile. Ndivyo ilivyo hapa, sifa inarudi ikiwa imesogea kidogo. Maana hii imo ndani ya radidi, na ndiyo sababu kubwa ya kulipenda neno hili.

Wa kwanza kuuona mrejeo huo kwa namba alikuwa Johann Döbereiner wa Jena, Ujerumani. Mwaka 1829 alionyesha kwamba baadhi ya elementi hukaa tatu tatu. Chukua uzito wa atomi ya lithiamu, 7, na wa potasiamu, 39. Wastani wake ni 23, na huo ndio uzito wa sodiamu. Klorini, bromini na iodini zinafuata kanuni hiyohiyo kwa karibu sana. Ni ugunduzi mzuri, ila Döbereiner hakuweza kuuendeleza, kwa sababu wanakemia wa wakati ule hawakuwa wamekubaliana hata juu ya uzito wa oksijeni: wengine walisema 8, wengine 16. Huwezi kuona mpangilio katika namba ambazo kila mtu ana zake.

Mkutano wa Karlsruhe wa Septemba 1860 ndio uliofungua njia. Mwitaliano Stanislao Cannizzaro alieleza namna moja ya kukokotoa uzito wa atomi, na kijitabu chake kikagawiwa kwa wajumbe. Miongoni mwao walikuwamo Lothar Meyer, Mjerumani, na Dmitri Mendeleev, Mrusi wa miaka 26 kutoka Tobolsk, Siberia. Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1862 Mfaransa de Chancourtois alizipanga elementi kwenye mstari unaoizunguka silinda kwa mshazari, na zinazofanana zikaangukiana wima. Mwingereza John Newlands, mwaka 1865, alisema sifa hurudi kila baada ya nafasi saba, kama noti za muziki, na akaiita kanuni ya oktavu. Alipoiwasilisha London mwaka uliofuata, mmoja wa wasikilizaji alimuuliza kama amejaribu pia kuzipanga kwa alfabeti. Kejeli ile haikuwa ya haki. Kosa la Newlands lilikuwa kulazimisha kila mrejeo uwe wa urefu mmoja, na kuzijaza nafasi zote kwa elementi zilizokwisha kujulikana, wakati mwingine mbili katika nafasi moja. Lakini mrejeo wenyewe aliuona kweli.

Tazama jambo moja: silinda ya de Chancourtois haikuwa jedwali. Na jedwali la kwanza la Mendeleev, la mwaka 1869, liliwekwa kinyume na tulilozoea, kwa kuwa elementi za ukoo mmoja zilipangwa kwa mlalo. Miaka miwili baadaye aligeuza. Michoro imebadilika mara nyingi tangu hapo, mirefu, mifupi, mingine ya duara. Kisichobadilika ni uradidi. Mendeleev mwenyewe alisisitiza kwamba alichokipata ni sheria ya asili.

Aliipata akiandika kitabu cha kiada kwa ajili ya wanafunzi wake wa St Petersburg. Alikuwa amemaliza kueleza ukoo wa klorini na kuanza ukoo wa sodiamu, akalazimika kujiuliza ni ukoo gani ufuate na kwa sababu gani. Akaweka uzito wa koo hizo mbili bega kwa bega: klorini 35.5 na potasiamu 39; bromini 80 na rubidi 85; iodini 127 na sizi 133. Metali kali kuliko zote na elementi za chumvi, vitu visivyofanana hata kidogo, zilikuwa jirani kila mara. Hapo ndipo uzito ukawa uzi wa kuzitungia elementi zote 63 zilizojulikana.

Ujasiri wake ulikuwa mahali ambapo uzi ulikatika. Pale ambapo uzito ulipingana na sifa, alifuata sifa na kusema uzito umepimwa vibaya. Urani aliihamisha kutoka 120 hadi 240, na alikuwa sahihi. Pale ambapo hakuna elementi iliyofaa, aliacha nafasi tupu na kuieleza elementi ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiona. Chini ya silikoni alitabiri elementi yenye uzito wa 72, yenye oksidi ya densiti 4.7 na kloridi ya kimiminika inayochemka chini kidogo ya nyuzi 100. Mwaka 1886 Clemens Winkler, huko Freiberg, aliitoa katika madini ya fedha na kuiita gerimani. Vipimo vyake: uzito 72.3, densiti ya oksidi 4.7, kloridi inachemka kwenye nyuzi 86. Gali ilikuwa imetangulia mwaka 1875, na kisa chake kinanivutia zaidi. Mgunduzi wake, Lecoq de Boisbaudran, alipima densiti akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuigusa, alimshauri aisafishe na kupima upya kwa kuwa ilipaswa kukaribia 5.9. Ikasafishwa, ikapimwa, ikawa 5.9. Orodha haiwezi kumsahihisha mtu wa maabara, mfumo unaweza.

Fundo moja lilibaki. Teluri ina uzito wa 127.6 na iodini 126.9, kwa hiyo kwa uzito iodini ingetangulia. Kwa sifa haiwezekani, maana iodini ni ndugu wa bromini bila shaka yoyote. Mendeleev aliitanguliza teluri na kuamini kwamba uzito wake utasahihishwa. Haukusahihishwa, kwa sababu haukuwa na kosa. Jibu lilikuja mwaka 1913 kutoka kwa kijana Mwingereza, Henry Moseley, aliyepima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali na kuona zikipanda hatua kwa hatua bila kuruka. Kila hatua ni chaji moja zaidi katika kiini cha atomi, yaani kile tunachokiita leo namba atomia. Teluri ni 52, iodini ni 53. Moseley aliweza pia kutaja nafasi zilizokuwa bado wazi, kama 43, 61 na 75. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27.

Na sababu ya kuradidi? Elektroni za atomi hukaa kwa matabaka, na zile za tabaka la nje ndizo zinazoshiriki katika mmenyuko. Tabaka likijaa, elektroni inayofuata huanza tabaka jipya, na atomi yenye elektroni moja ya nje hurudia tabia ya nyingine iliyokuwa na moja ya nje. Matabaka hayana ukubwa mmoja, ndiyo maana oktavu ya Newlands iliishia njiani. Safu za mlalo zina elementi 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32, jumla 118. Safu hizi vitabu huziita periodi, jambo linaloshangaza kidogo: mfumo mzima tumeupa jina letu, kisha sehemu yake tukaiazimia jina kutoka nje. Mimi ningeziita zamu. Zamu huanza, huisha, ikaanza nyingine, na hakuna anayedai zote ziwe na urefu mmoja.

Safu za wima tayari zina jina zuri, makundi, na hapo ndipo undugu unapoonekana hata ardhini. Niobi na tantali ziko katika kundi moja, niobi juu, tantali chini yake. Kati yao kuna elementi nyingi, zikiwemo lanthanidi ambazo atomi zake husinyaa kadiri namba inavyopanda, hata tantali inafika ikiwa na atomi za ukubwa karibu sawa na wa niobi. Basi zinaingia katika fuwele zilezile za mwamba mmoja. Mwamba huo ndio koltani inayochimbwa Masisi huko Kivu, na Rwanda, na tantali yake huishia katika kapasita za simu. Undugu huo uliwapoteza hata mabingwa: mwaka 1809 William Wollaston alitangaza kwamba hizo ni elementi moja, na ilibidi kungoja hadi 1844 Heinrich Rose aonyeshe kwamba ni mbili. Kuzitenganisha bado ni kazi ngumu. Viwandani koltani huyeyushwa kwa asidi ya hidrofloriki, kisha niobi na tantali huvutwa moja baada ya nyingine kwa viyeyushi, kwa kutumia tofauti ndogo iliyopo kati ya ndugu hao wawili.