King'amuzi na Kigeuzi: Historia ya Sauti ya Nyumbani kati ya Dzaleka na Lilongwe

Liko kosa moja ambalo wanunuzi wa vyombo vya sauti hulirudia mno hata limekuwa la kawaida. Mtu ana televisheni ya kisasa yenye tundu la nuru kwa nyuma, na ana seti ya zamani ya spika tano na sabufa, ambayo bado ni nzima na inapokea sauti kwa matundu sita. Hununua kisanduku kidogo kinachotangazwa kuwa kinageuza sauti ya kidijitali kuwa ya analojia. Taarifa ya habari husikika vizuri. Inapoanza filamu yenye sauti ya njia sita, spika hunyamaza kabisa au hutoa mvumo kama wa mvua juu ya bati. Mnunuzi huamini kwamba ameuziwa kifaa kibovu, ilhali kifaa ni kizima na kimefanya kazi iliyotajwa kwenye boksi lake, yaani kugeuza. Kilichohitajika kabla ya kugeuza ni kung'amua, na kazi hiyo hakikuundiwa.

Makala haya yanadai kwamba kosa hilo lina historia, na kwamba sehemu ya historia hiyo ni ya lugha kuliko ya ufundi. Uwanja uliochaguliwa ni barabara ya takribani kilomita 45 kati ya Lilongwe na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa. Huko Kiswahili cha Kivu, Katanga, Burundi na Tanzania hukutana kila siku katika nchi ambayo lugha zake za ofisi na soko ni Kiingereza na Kichewa. Huko pia, kwa sababu zitakazoelezwa, kosa la kununua kifaa kisichofaa hugharimu zaidi kuliko Dar es Salaam au Nairobi.

Kutoka redio ya sufuria hadi diski

Swali la kifaa gani kichaguliwe kwa ajili ya sauti ya nyumbani si geni katika Malawi. Mwaka 1949 kituo cha utangazaji cha Afrika ya Kati kilichokuwa Lusaka, chini ya Harry Franklin, kilifanikiwa kupata redio ya betri iliyotengenezwa na kampuni ya Ever Ready kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Kasha lake la alumini lilikuwa la mviringo kama sufuria, na jina la sufuria likabaki. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake ilidumu takribani saa 300. Inafaa kuangalia ni nini kilichowekwa mbele katika uchaguzi ule. Uzuri wa sauti haukutangulia. Kilichotangulia ni umeme: kijiji hakikuwa na waya wa umeme, kwa hiyo redio ililazimika kuja na umeme wake. Kigezo hicho kitarudi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1964, Shirika la Utangazaji la Malawi lilibaki sauti pekee ya nchi kwa muda wote wa utawala wa Kamuzu Banda. Televisheni ya taifa haikuwapo mpaka mwaka 1999. Pengo hilo lina maana kwa mwanahistoria wa vyombo vya nyumbani. Nchi jirani zilipokuwa zikizoea televisheni ya antena, nyumba nyingi za Malawi zilipata skrini zao za kwanza wakati ambapo kanda za video na baadaye diski zilikuwa tayari sokoni. Kwa familia hizo, deki na spika zake havikuwa nyongeza ya televisheni. Mara nyingi ndivyo vilivyoifanya televisheni iwe na faida.

Dzaleka nayo ni zao la mpito huohuo. Chini ya Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Jina lenyewe linatokana na kitenzi cha Kichewa *kuleka*, yaani kuacha: anayepelekwa huko ataacha. Banda alishindwa katika uchaguzi wa Mei 1994, na mwaka huohuo mahali pale pakafanywa kambi ya wakimbizi. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 na ushei sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Mahali palipojengwa ili watu wanyamazishwe pana leo redio ya jamii, Redio Yetu, na Tamasha la Tumaini lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongomani Menes la Plume, ambalo huwavuta hata wakazi wa Lilongwe. Mtu anayedhani kwamba sauti nzuri ni anasa isiyowahusu wakimbizi hana budi kuanza na ukweli huo.

Neno moja, kazi nne

Ili kuona lugha iliingiaje katika jambo hili, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Wazo la kuandika sauti kwa namba lilisajiliwa na mhandisi Mwingereza Alec Reeves alipokuwa akifanya kazi Paris mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini liliingia nyumbani kwa watu mwaka 1982 tu, pale Philips na Sony walipotoa diski songamano. Diski hiyo hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani katika ngazi 65,536. Namba hazisikiki. Lazima pawepo saketi inayozirudisha kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka, ndipo amplifaya ipate cha kukuza. Saketi hiyo ndiyo kigeuzi. Katika vyombo vya awali ilijificha ndani ya deki, na mnunuzi hakuwa na sababu ya kuipa jina.

Sauti ya njia nyingi ilileta tatizo la pili. Njia sita zikipimwa mara 48,000 kwa sekunde kwa biti 16 huhitaji biti 4,608,000 kila sekunde, na waya wa nuru uliobuniwa kwa ajili ya njia mbili hauwezi kuzipitisha zikiwa wazi. Njia ya Dolby, iliyoanza katika sinema mwaka 1992 na kisha kuingia katika DVD, ilizibana njia hizo mpaka biti 448,000 au pungufu, chini ya sehemu moja ya kumi. Tangu hapo kazi zikawa mbili. Kwanza furushi lifunguliwe, kisha namba zilizofunguliwa zigeuzwe. Deki za DVD za miaka ya 2000 zilizokuwa na matundu sita ya analojia zilifanya zote mbili ndani ya kasha moja, na kwa hiyo, kwa mara nyingine, mnunuzi hakulazimika kuzitofautisha.

Kiswahili kilipata neno lake wakati kazi hizo zilipokuwa bado zimefungwa pamoja. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa ulinzi wa matangazo ya televisheni ya analojia katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika. Tanzania ilianza mapema: mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa 31 Desemba 2012. Katika kampeni iliyotangulia uzimaji huo, neno *king'amuzi* lilienea kwa kasi ambayo wanaistilahi huiota tu. Ni neno zuri. Limetokana na *ng'amua*, kutambua kilichofichika, na limeundwa kwa utaratibu uleule unaotoa *kinyozi* kutokana na *nyoa*. Lakini kisanduku kilichopewa jina hilo kilifanya kazi nne kwa pamoja: kukamata mawimbi, kutenganisha idhaa, kufungua picha na sauti zilizobanwa, na kuzigeuza namba kuwa umeme kwa ajili ya televisheni za zamani. Neno likabeba zote nne. Wasemaji waliopita Tanzania wakielekea kusini walilibeba hivyo, na wale waliozoea Kifaransa cha Kongo walikuwa na *dekoda*, neno linaloeleweka pia kwa mwenye Kiingereza na ambalo lina upana uleule.

Hapakuwa na kosa katika kuunda neno hilo. Kosa, kama lipo, ni la wale ambao baadaye walilichukulia kuwa istilahi iliyokamilika. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba istilahi za kompyuta zinaweza kuundwa kwa mpango, zikapangwa kwa jozi na kwa upinzani wa maana. Vyombo vya sauti vya nyumbani havikupata mradi wa namna hiyo. *Sabufa* ilijiingiza yenyewe kutoka dukani, na katika Tanzania imekuwa jina la seti nzima, si la spika ya besi peke yake. *Kigeuzi* linaeleweka kwa kila msemaji, lakini halijapewa mahali pake kinyume cha *king'amuzi*.

Uchaguzi wenyewe

Mwenye seti ya matundu sita leo ana njia nne. Ya kwanza ni kuagiza televisheni, katika menyu yake, itoe namba wazi za njia mbili. Kigeuzi cha bei ndogo kitafanya kazi bila lawama, ila spika za nyuma hazitapata sauti yao wenyewe. Ya pili ni kisanduku kinachong'amua na kugeuza, chenye matundu sita ya kutokea. Ya tatu ni kompyuta yenye kadi ya sauti ya USB ya njia sita au nane, ambapo programu hung'amua na kadi hugeuza. Ya nne ni amplifaya kubwa ya HDMI, waya ambao tofauti na ule wa nuru unaweza kupitisha njia nane zikiwa wazi.

Njia ya nne ndiyo inayosifiwa zaidi na, kwa Dzaleka, ndiyo isiyofaa zaidi. Sababu ni ileile ya redio ya sufuria. Dhoruba Ana ya Januari 2022 iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira na kuondoa megawati zipatazo 129 katika gridi ya nchi ambayo tayari ilikuwa na mgao. Kisanduku au kadi ya volti 5 huendeshwa na betri ndogo iliyochajiwa kwa sola. Amplifaya kubwa haiwezekani hivyo. Bei nayo ina sauti yake. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi iliishusha kwacha, na dola ikapanda kutoka takribani kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa siku moja. Kila kifaa kilichoagizwa kutoka nje kilibeba ongezeko hilo. Hivyo swali la kigeuzi si swali la mashabiki wa muziki: ni swali la namna ya kutotupa spika nzima kwa sababu ya tundu lililobadilika.

Iko pia hila ambayo mtu mwenye akili ya kubana matumizi huifikiria mapema, nayo ni kununua vigeuzi vitatu vya njia mbili, kila kimoja kwa bei ndogo, na kuviunganisha kwenye kompyuta kwa USB. Haifai, na sababu yake yastahili kuelezwa. Kila kigeuzi cha aina hiyo huweza kuwa na saa yake ya kioo inayoamua ni lini namba inayofuata itolewe. Saa mbili zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya saa moja ya filamu spika za nyuma zitakuwa zimeachana na za mbele kwa sekunde 0.18, na msikilizaji atadhani kuna mwangwi chumbani. Njia zote sita lazima zitii saa moja. Kuhusu ubora wa chipu, ambao hujaza kurasa nyingi za matangazo, yatosha kusema kwamba katika chumba cha matofali chenye paa la bati tofauti ya chipu moja na nyingine humezwa na chumba.

Gharama ya kurudisha

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti, likiwemo kuhusu uhuru wa kutembea. Sera ya kuwaweka wakimbizi kambini haikutekelezwa kwa ukali miaka yote, na wengi walifungua maduka Lilongwe na kwingineko. Machi 2023 serikali iliwaamuru warudi Dzaleka kabla ya 15 Aprili, na Mei polisi walianza kuwakamata waliobaki mijini. Kufungwa kwa maduka hayo kulijadiliwa, kwa haki kabisa, kama suala la riziki na la haki za binadamu. Lilikuwa pia suala la istilahi, ingawa hakuna aliyelitazama hivyo. Muuzaji anayesema Kiswahili na anayejua mzigo wake ndiye kamusi ya soko. Anapoondolewa kaunta, mnunuzi kutoka kambini hubaki na boksi lililoandikwa Kiingereza au Kichina, na muuzaji anayemweleza kwa Kichewa.

Mkimbizi anayetaka kutoka kambini anahitaji kibali. Aliyenunua kigeuzi alipohitaji king'amuzi hawezi kurudi dukani kesho yake kama mkazi wa Area 25 angeweza. Anaomba kibali tena, analipa nauli tena, au anakiuza kifaa kwa hasara palepale kambini. Jumuiya ya SADC, ambayo Malawi ni mwanachama wake, ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne Agosti 2019. Mamlaka za viwango na mawasiliano za nchi wanachama zinazokagua vifaa vinavyoingia zinaweza kudai maneno mawili tu ya Kiswahili juu ya boksi la aina hii: *kinageuza*, na pale inapostahili, *kinang'amua*. Kifaa kisicho na neno la pili mnunuzi angejua kukiacha kaunta, kabla ya basi la kurudi Dowa kuondoka.