Mlazo: Safari ya Herufi Zinazoegemea

Aldus Manutius alipotoa mashairi ya Virgil mjini Venice mwaka 1501, hakulaza neno moja ili likazwe. Alilaza kitabu kizima. Mchonga herufi wake, Francesco Griffo, alifuata mwandiko wa haraka wa wasomi wa Italia, na herufi zake nyembamba zilifaa vitabu vidogo vya kubeba mkononi. Herufi kubwa tu ndizo zilizobaki wima.

Baadaye katika karne hiyo mlazo ulioanishwa na herufi wima, ukawa mtumishi wake: ukapewa majina ya vitabu na meli, majina ya kisayansi, maneno ya kigeni. Sisi tunaijua vizuri kazi hiyo ya mwisho. Katika riwaya ngapi za Kiingereza kuhusu pwani yetu ugali na shikamoo vimelazwa, utadhani ni wageni nyumbani kwao wenyewe?

Herufi zisizo na vijimkia kwenye ncha zilikuja na balaa lake. William Caslon IV wa London alizionyesha mwaka 1816, herufi kubwa tupu, na karne ile zikaishia zaidi kwenye mabango na matangazo. Hazikuzaliwa na kalamu. Mlazo wao ungetoka wapi? Wengi waliziinamisha tu. Futura ya Paul Renner (1927) iko hivyo, na vilevile Helvetica na Univers, zote za 1957. Tusiwadharau mafundi wake, maana duara likiinamishwa hunenepa pasipostahili na kukonda kwingine, na lazima lirekebishwe kwa jicho na mkono. Kompyuta inayojilazia herufi yenyewe hairekebishi chochote. Ule si mlazo, ni uvivu.

Eric Gill alirudi kwenye kalamu. Katika mlazo wa Gill Sans, fonti ya Monotype iliyoanza 1928, herufi a hupoteza kile kipaa chake cha juu, na p hubaki na kijimkia cha mwandiko. Martin Majoor wa Uholanzi alikwenda mbali zaidi kwa Scala Sans ya 1993, akaupa mlazo mifupa ileile ya ndugu yake mwenye vijimkia.

Wengi wetu tumeukuta mtindo huu ofisini bila kutambulishwa. Calibri ya Lucas de Groot, iliyoenea na Microsoft Office 2007, ilikuwa fonti ya kuanzia ya Word kwa zaidi ya miaka 15. Andika «paka» kwa Calibri, kisha ulilaze: kila a inabadilika umbo. Fanya hivyo kwa Arial, na a inainama tu, kipaa chake kikiwa palepale. Kwa bango au jedwali, Arial inatosha. Lakini kwa nukuu ndefu au maelezo chini ya picha ningechagua ya kwanza, kwa sababu jicho huliona neno lililokazwa hata mwinamo ukiwa mdogo.