Redio Imesema

Hapa kwetu Nyamigogo, ukitaka kumaliza ubishi unasema tu, "Redio imesema." Babu yangu hakubali. Atakuuliza, "Redio ya nani?"

Mwaka 1994 mimi sikuwa nimezaliwa, ila babu alikuwapo. Tarehe 28 Aprili daraja la Rusumo lilifurika: kwa siku moja hivi Wanyarwanda wapatao 250,000, wengi wao Wahutu waliokimbia jeshi la RPF, waliingia Ngara. Benaco ikageuka mji wa maturubai. Babu alikwenda huko kuuza ndizi, akamwuliza kijana mmoja, hivi Watutsi waliwakosea nini? Akajibiwa, redio ilisema ni mende.

Ndiyo RTLM hiyo, iliyoanza kutangaza Julai 1993. Ndugu msomaji, haikuingia na panga mkononi. Iliingia na muziki mtamu na utani wa kijiweni. Watu wakaipenda, wakaiamini, kisha wakameza sumu. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufani ya 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini kosa la uchochezi likabaki.

Mwaka 1995 Ngara ikapata redio ya kuwahudumia wakimbizi, Redio Kwizera. Kwizera ni kuamini, kutumaini. Jina zuri, lakini imani ni amana, haitoki kwenye jina.

Nami naota kutoa riwaya. Najua siku hiyo babu ataniuliza: "Kalamu ya nani?"